Mswahili na Mizani Yake: Historia ya Biashara Kutoka Ujiji Hadi Gitega, na Somo kwa Mwanafunzi Anayejiandaa na Kazi

Bismillahir Rahmanir Rahim



Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu wa Musinzira, wa mitaa mingine ya Gitega na wa Muyinga, kuna neno ambalo watoto wetu hulisikia shuleni na sokoni kabla hawajajua historia yake. Kwa Kirundi "umuswahili" ni mtu wa mjini anayesema Kiswahili, na mara nyingi ni Muislamu. Lakini neno hilo hilo limebeba maana nyingine: mjanja, mtu wa maneno mengi, mtu ambaye ukinunua kwake huna budi kuhesabu chenji mara mbili. Mtoto akilisikia hucheka au hukasirika. Sisi tunaona afadhali akae chini aulize: jina hili tumelipata wapi, na nani ana uwezo wa kulisafisha?

Tunaandika haya kwa ajili ya vijana wetu wanaosoma uhasibu, biashara na uchumi, na wale ambao hawasomi masomo hayo lakini kesho watasimama nyuma ya meza ya duka, watashika funguo za ghala au watatia saini karatasi za forodha. Darasani wanafundishwa faida na hasara. Maadili ya biashara hutajwa kwa haraka, kama vile ni pambo. Historia ya kwetu inaonyesha kwamba ndiyo yaliyojenga majina ya watu na kuyabomoa.

BIASHARA ILIKUJA KWA MKOPO

Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilitoka pwani, Bagamoyo na sehemu za jirani, ikapita Tabora na kufika Ujiji, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Wazungu Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi Februari 1858 waliwakuta Waarabu na Waswahili wanafanya biashara huko. Kutoka Ujiji mitumbwi na majahazi yalipanda kaskazini mpaka Uzige, upande ambao leo upo mji wa Bujumbura. Chumvi ya Uvinza, samaki wa ziwani, mawese, majembe, ng'ombe na mbuzi vilibadilishana mikono. Kutoka pwani zilikuja nguo, merikani na kaniki, pamoja na shanga. Pale Ujiji zilikuwepo hata shanga zilizotumika kama sarafu, zikiitwa sofi.

Sasa mwanafunzi wa uhasibu aangalie jambo moja. Wafanyabiashara wengi wa misafara hawakuwa na mtaji wao wenyewe. Walichukua nguo na shanga kwa mkopo Unguja, kwa matajiri wa Kihindi, na mmoja wa waliojulikana sana ni Taria Topan. Mkopo ule ulilipwa kwa pembe za ndovu baada ya miezi mingi, na mara nyingine baada ya miaka. Hapakuwa na simu wala benki ya kupeleka taarifa. Mwenye mali alibaki Unguja, na mali yake ilitembea kwa miguu kuelekea mahali asipopajua. Alichokuwa nacho ni karatasi, mashahidi na jina la mtu. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yule aliyeitwa Tippu Tip, aliandika habari za maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na anayezisoma ataona jinsi hesabu za madeni zilivyokuwa sehemu ya kila safari.

Mwenye jina zuri alipewa mali nyingi zaidi safari ya pili. Aliyeharibu jina lake hakuwa na njia. Wapo waliobaki bara, Tabora, Ujiji na Manyema, miaka mingi, kwa sababu kurudi pwani kulikuwa na maana ya kukutana na wadai wao. Kwa hiyo hata kabla ya vitabu vya shule ya biashara, watu wa njia ile walijua kwamba uaminifu ni mtaji. Anayekosa mtaji huo hufungiwa mlango hata akiwa na akili nyingi.

Qur'ani Tukufu ilitangulia kulifundisha hilo. Aya ndefu kuliko zote, aya ya 282 ya Suratul Baqara, haizungumzii swala wala saumu bali deni. Inaamrisha deni la muda liandikwe, mwandishi aandike kwa uadilifu, na mashahidi wawepo. Tujiulize, kwa nini aya ndefu kuliko zote iwe ni ya karatasi ya deni? Ni kwa sababu ndugu wawili wanaopendana hugombana zaidi kwa neno lisiloandikwa kuliko kwa uadui.

JERAHA AMBALO TUSILIFICHE

Tukiishia hapo tutakuwa tumesimulia nusu ya historia, na kusimulia nusu kwa kujua ni aina ya udanganyifu. Misafara ile ile haikubeba pembe na chumvi peke yake. Ilibeba watu. Vijiji vya Manyema na sehemu nyingine za mashariki ya Kongo vilivamiwa, na wanaume, wanawake na watoto wakapelekwa Ujiji, Tabora na pwani kama bidhaa. Waliofanya hivyo, wengi wao walikuwa wanaswali.

Katika miaka ya 1880 mfanyabiashara wa Ujiji, Muhammad bin Khalfan al-Barwani, ambaye watu walimwita Rumaliza, alijaribu kuingia Burundi kwa nguvu ya bunduki. Majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo yalimzuia. Nyanda za juu zikabaki zimefungwa kwa misafara, na ndiyo maana Uislamu haukupanda mapema kwenda Gitega na Muyinga kama ulivyofika kando ya ziwa. Milango ya dini ilifungwa na tabia za watu waliodai kuwa ni wa dini hiyo. Mrundi wa siku zile hakuletewa Qur'ani kwanza, aliletewa bunduki. Angeujuaje Uislamu kwa wema?

Sultani Barghash wa Zanzibar alifunga soko la watumwa mwaka 1873, baada ya shinikizo kubwa la Waingereza, na hali ya utumwa ikaondolewa kisheria Unguja mwaka 1897. Mwanafunzi anayejiandaa na kazi achukue hapa somo zito. Baadhi ya wafanyabiashara wale walikuwa na daftari safi. Walilipa madeni yao kwa wakati, waliheshimu mkataba, hawakupunguza pima. Lakini walichokiuza kilikuwa ni binadamu. Basi haitoshi kuuliza, "Je, hesabu imelingana?" Ni lazima tuulize pia, "Mali hii imetoka wapi, na nani amelia ili ifike mezani kwangu?" Mtu anaweza kuwa mkweli ndani ya biashara ambayo yenyewe ni dhulma.

GITEGA: KUTOKA NGOME HADI SOKO

Wajerumani walijenga kituo Usumbura mwishoni mwa miaka ya 1890. Mwaka 1903 Mwezi Gisabo alilazimika kukubali mkataba wa Kiganda, na mwaka 1912 makao ya utawala yakahamishiwa Gitega. Wajerumani walitumia Kiswahili katika utawala wao. Pamoja na askari na wapagazi kutoka pwani, Tabora na Manyema, walipanda pia wafanyabiashara. Hivyo ndivyo Kiswahili na swala ya jamaa vilivyofika katika mji wetu: nyuma ya jeshi na pamoja na duka.

Fedha nayo ilibadilika. Rupia ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ilikuwa na pesa 64, na kuanzia 1904 ikahesabiwa kwa heller 100. Baada ya Wabelgiji kuiteka nchi mwaka 1916 ikaja faranga. Kila fedha mpya inapoingia mtu asiyejua hesabu hupunjwa, na mwenye duka ndiye anayejua hesabu. Hapo ndipo panapopimwa imani ya mtu.

Wabelgiji waliitazama jamii ya Waswahili kwa shaka, na elimu kwa sehemu kubwa waliiacha mikononi mwa wamishonari. Wazazi wengi wa Kiislamu waliogopa kwamba mtoto akienda shule atarudi na dini nyingine. Matokeo yake, njia ya ukarani na ofisi ilikuwa nyembamba kwa watoto wetu. Wakaenda kwenye cherehani, udereva, ufundi wa magari na duka. Hata leo Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, unajulikana kwa mafundi na vipuri vya magari. Biashara ikawa shule yetu, na mwalimu akawa baba au mjomba. Mjomba akiwa mwaminifu, kijana alihitimu uaminifu. Mjomba akiwa na kopo lenye kitako kilichobonyezwa ndani, kijana alihitimu hilo.

Na kutoka huko, jina. Mwenye duka alikuwa mgeni, anasema lugha nyingine, ana dini nyingine, na ndiye anayeshika mizani. Sehemu ya jina baya ilikuwa ni chuki ya watu na ya watawala, hilo tusilikatae. Lakini tusiseme kwamba ilikuwa ni chuki tupu. Kila aliyepunja pima aliongeza kijiti katika moto ule, na moshi wake ukawafikia hata wasiopunja.

MIAKA YA VIKWAZO

Tuje karibu zaidi, katika miaka ambayo wazazi wengi wanaosoma hapa wanaikumbuka. Baada ya mapinduzi ya Julai 1996, nchi za jirani zilikutana Arusha na kuiwekea Burundi vikwazo vya uchumi. Vikwazo hivyo vilidumu hadi Januari 1999. Petroli ikawa adimu, bei zikapanda, na bidhaa zikawa zinapita ziwani na mipakani kwa njia za panya. Nchi ilikuwa vitani, na mama aliyetaka sabuni na chumvi hakuwa na nguvu ya kujadili bei.

Vita na vikwazo huwatajirisha watu wachache, na kila mji unawajua wa kwake. Je, kupandisha bei ni haramu? Hapa vijana wetu wawe makini, kwa sababu jibu si la mkato. Imepokewa kwamba bei zilipanda Madina, watu wakamwomba Mtume (S.A.W.) aziwekee kikomo, naye hakukubali, kwa kuogopa kukutana na Mola wake akiwa na dhulma ya mtu juu yake. Mwenye duka aliyenunua kwa bei ghali naye ana haki ya kurudisha gharama yake na kupata faida. Lakini imepokewa vile vile kwamba Mtume (S.A.W.) alikemea vikali kuficha chakula ili kingoje bei ipande, na akamhesabu mwenye kufanya hivyo kuwa ni mwenye dhambi. Tofauti ni hii: wa kwanza anabeba gharama ya shida pamoja na wateja wake, wa pili anaitengeneza shida yenyewe.

Mambo haya hayakwisha mwaka 1999. Katika miaka ya hivi karibuni nchi yetu imeona foleni ndefu za petroli na uhaba wa sukari, na kijana aliyekuwa mtoto mchanga wakati wa vikwazo leo ndiye mwenye duka. Ghala lake likijaa wakati kibao cha dukani kinasema "hakuna", yeye mwenyewe anajua jina lake mbele ya Allah, hata kama majirani hawajalijua.

DAFTARI MBILI

Kijana mmoja wa kwetu, mwanafunzi wa uhasibu, alipata nafasi ya kufanya mazoezi ya kazi katika duka moja la jumla. Hatutalitaja, na halina tofauti na mengine mengi. Wiki ya kwanza alifurahi. Wiki ya pili alipewa daftari mbili: moja ya mauzo ya kweli, nyingine ya kuonyesha wakaguzi wakija. Hakuna aliyemlazimisha kwa ukali. Aliambiwa kwa upole tu, "Mwanangu, hivi ndivyo biashara inavyokwenda."

Alirudi nyumbani akamweleza baba yake. Baba alinyamaza muda mrefu, kisha akamwambia avumilie mpaka apate karatasi yake ya mwisho wa mazoezi. Mama akasema, "Na akishazoea, nani atamtoa?" Asubuhi yake kijana aliomba kwa adabu apelekwe ghalani, akahesabu magunia hadi muda wake ukaisha. Karatasi aliyopewa ilikuwa fupi na haikumsifu. Kupata kazi kulimchukua muda mrefu kuliko wenzake.

Hatusimulii haya kwa kuwa yana mwisho mtamu. Tunayasimulia kwa sababu baba na mama wale ni sisi. Tunawapeleka watoto madrasa wakahifadhi Suratul Mutaffifin, sura inayowaonya wale ambao wakijipimia kwa watu hutaka kipimo kamili na wakiwapimia watu hupunguza. Kisha siku ya mtihani wenyewe tunawashauri wangoje kidogo. Sura ile haina nafasi ya kungoja.

TUJIFUNZE NINI?

Vijana wetu, Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa mfanyabiashara kabla ya kupewa utume. Alisafiri na mali ya Bi Khadija (R.A.), na watu wa Makka walimwita Al-Amin. Usiku wa kuhama, maadui waliotaka kumuua bado walikuwa na amana zao kwake, naye akamwacha Ali (R.A.) nyuma ili azirudishe kwa wenyewe. Kwa mfano huo, na kwa historia tuliyoisoma, tunawausia haya:

1. Andika. Deni, mkopo na ushirika, hata na ndugu yako wa tumbo moja. Kuandika si kumdhania mtu vibaya, ni kuulinda udugu.

2. Sema aibu ya bidhaa yako. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akatia mkono katika rundo la nafaka, vidole vikakuta unyevu chini. Akamuuliza mwenyewe kwa nini hakuuweka juu watu wauone, na akabainisha kwamba mdanganyifu hana nafasi katika safu yake. Maharage ya Gitega nayo yana juu na chini.

3. Uliza mali inatoka wapi. Daftari safi haisafishi mali chafu. Kumbuka misafara ya Ujiji.

4. Rudisha zaidi ya unavyodaiwa na sheria. Imam Abu Hanifa (Allah amrehemu), aliyefariki mwaka 150 Hijria, alikuwa muuza vitambaa Kufa. Mshirika wake aliuza nguo yenye kasoro akasahau kuitaja, na mnunuzi hakujulikana tena. Imam aliitoa sadaka thamani yote ya nguo ile. Hakuna hakimu ambaye angemlazimisha.

5. Usitumie lugha kama mtego. Wewe unajua Kiswahili, Kirundi na labda Kifaransa. Mteja wako wa kijijini anajua Kirundi peke yake. Ujuzi huo ni neema, usiufanye wavu.

Na ninyi wazazi, mtoto hujifunza maadili ya biashara kwa kuangalia mkono wenu unaposhika kopo la kupimia, na kwa kusikia mnavyomjibu mdai mlangoni. Akisikia "mwambie baba hayupo" wakati baba yupo, somo limeshaingia.

MWISHO

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Tangu mwaka 2019 Gitega ni makao makuu ya kisiasa ya nchi yetu. Malori yanapita Kobero, upande wa Muyinga, kwenda na kurudi Tanzania, na lugha ya njia ile ni Kiswahili. Lugha ambayo watoto wetu walichekwa kwayo leo inatafutwa na kila mwenye kutaka kuuza ng'ambo ya mpaka. Njia ile ya zamani imefunguka tena, na safari hii hatuji nyuma ya bunduki ya mtu.

Swali ni moja. Wajukuu zetu wakilisikia neno "umuswahili" sokoni, litakuwa na maana gani? Haliwezi kusafishwa kwa hotuba wala kwa kugombana na wanaolitamka. Litasafishwa kilo moja baada ya nyingine, na kijana aliyejaza pima wakati hakuna aliyekuwa anamtazama isipokuwa Mola wake.

Tunamuomba Allah (S.W.) awape vijana wetu elimu yenye manufaa na riziki ya halali, awape wazazi ujasiri wa kuwaunga mkono siku ya mtihani, na atusamehe tuliyopunguza katika pima za watu. Amin.

Wabillahi tawfiq.